Sufuria Iliyotema Watu

Jumatatu, 16 Agosti 2021, Doonside
Msimulizi mwenzangu Venant ana soksi! Ya kijani, anaivaa mkononi, ameishonea macho ya vifungo, inaongea Kiswahili cha Goma. Juzi watoto wote wa kanisa walimfungulia kamera kwenye Zoom. Nilipoanza hadithi yangu wakazizima, nikabaki naongea na majina. Mama Léonie, mke wa mchungaji, anasema msimulizi atabaki mmoja. Ataamua Jumamosi. Kipindi hiki cha hadithi ni changu tangu tufungiwe ndani! Nikikipoteza, nabaki na kazi ya ghalani, usingizi, na ghala tena. Sikubali.

Jumatano, 18
Nimepata silaha. Chini ya kochi, vitabu vya picha vya Kijapani vya mpwa wangu Jacky. Nimeazima kimoja. Hajui. Kinaanza na nyumba tupu na sufuria ya wali. Sufuria inatema vidole, halafu bibi mzima, halafu baba, halafu mtoto! Mwisho wote wako mezani wanacheka, na sufuria inafungwa kwa karatasi ya zawadi. Ufufuo mtupu. Nilitokwa na machozi. Maneno yake ya Kiingereza sikuyaelewa vizuri, lakini Wajapani ni watu wa mafumbo.

Alhamisi, 19
Habari za saa tano: wagonjwa wa korona wameongezeka. Nimefanya mazoezi bafuni mbele ya kioo. Nasikia Venant ameishonea soksi ulimi. Mtu mzima!

Jumamosi, 21
Kamera zote wazi! Sufuria ikatema bibi, watoto wakapiga kelele. Nikadhani ni furaha. Kumbe wanasema, “Wrong way, Uncle!” Kumbe vitabu hivi huanzia kulia. Kumbe nusu yao wamekisoma! Wakadai nianze upya. Ningefanyaje? Nikaanza upya. Zawadi ikafunguliwa. Sufuria ikamla mtoto, ikamla baba, bibi akabaki vidole tu ukingoni. Mayowe! Hakuna aliyezima kamera. Hata soksi ilisogea karibu, na Venant nyuma yake, mdomo wazi.

Jumapili, 22
Simu tangu asubuhi. Hakuna mtoto aliyelala. Kuna familia mtaa wa Macquarie Fields ambayo watoto wake wamegoma kula wali. Mama Léonie aliongea kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi. Ananiheshimu kama kaka yake, anasema, lakini nimebakiwa na nafasi moja: Jumamosi ijayo, hadithi ya Biblia, basi.

Jacky amenuna kwa ajili ya kitabu chake. Nikamuuliza kwa nini mtu ajitishe kwa hiari wakati habari za saa tano zipo. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba habari hazina ukurasa wa mwisho, kitabu unakifunga ukitaka. Upuuzi. Nimesoma vingine viwili, sikuweza kuvifunga. Naogopa kweli. Sufuria yetu ya wali nimeihamishia nje.

Ijumaa, 27
Mama Léonie ameniletea Yona, kitabu cha picha, akakiacha mlangoni. Safari hii sidanganyiki! Nimekianzia nyuma. Yona amepumzika kivulini, anaaga Ninawi, anateremka ufukweni. Samaki anakuja kumchukua, anampeleka hadi kwenye meli, mabaharia wanampokea, dhoruba inatulia, anafika nyumbani, na Mungu yuko pale anamsemesha. Mtu mtiifu sana huyu Yona. Kesho Venant atalia na soksi yake.