Mkono Wangu na Mbu wa Maabara

Kileleshwa, Nairobi
12 Machi 1956

Kwa Bwana Mhariri,

Salamu kwanza, hasira baadaye. Mimi ni Zedekiah Oloo, mwanafunzi wa shahada ya pili katika elimu ya maradhi, kwenye maabara moja hapa mjini ambayo siitaji, maana wenyewe hawapendi kutajwa na watu wa rangi yangu. Tunachunguza malaria. Tunafuga mbu, na mbu lazima wale. Chakula chao ni mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kila asubuhi natia mkono wa kushoto ndani ya sanduku la wavu kwa dakika ishirini, mpaka mbu mia mbili washibe. Msimamizi wangu, Mzungu mwenye mikono miwili mizima, hushika saa. Kazi ngumu kweli hiyo, jamani, kushika saa.

2. Makala yetu imepelekwa Uingereza kuchapishwa. Vipimo vyote nilipima mimi, na jina langu lisipokuwemo, shahada sipati. Nimeisoma mara tatu. Jina la Bwana msimamizi lipo. La mkewe lipo, kwa sababu alipiga taipu. Mimi nimo ukurasa wa nne, nimeitwa "damu ya kienyeji".

3. Shangazi yangu Peres, yaya wa Wazungu hapa Kileleshwa, ambaye amenipa pa kulala, aliutazama mkono wangu akaniuliza, "Zedekiah, ulisoma miaka yote hiyo ili uje uliwe?" Nilishusha mkono wa shati.

4. Sasa tufikiri kisayansi, kama nilivyofundishwa. Mbu jike hatagi bila damu. Damu ni yangu. Basi kila mbu aliyezaliwa pale tangu Januari ni mtoto wangu, wapata elfu sita, na Bwana huwapulizia dawa wakafa bila hata kunipa pole. Nadai jina langu liandikwe, au nikabidhiwe wanangu. Nitawafungulia Westlands, wakawaamkie mabwana majumbani.

Wasalimie wapiga chapa wako, na wote ambao mikono yao haiwashi.

Ni mimi, mlo wa asubuhi,
Zedekiah Oloo

Nyongeza, 14 Machi: Tafadhali usiichapishe barua hii. Jana Bwana alinionea huruma, akaleta sungura ashike nafasi yangu, nami nikashukuru sana. Leo askari wa mlangoni kanizuia: kibali changu, asema, ni cha kulisha mbu tu, na kazi hiyo sina tena. Madaftari yangu yote yamo ndani. Nimemwandikia Bwana kwamba damu ya sungura haifai, jambo ambalo ni uongo, na kwamba mkono wangu wa kulia bado haujaguswa.