Karamu ya Benki

Jumatatu, 5 Mei

Mama Keza amepokea zamu yake ya ikimina. Laki nne, taslimu! Mwaka mzima amechangiana na wenzake, na leo kanikabidhi zote nikapunguze mkopo wa nyumba. Nikizilipa juu ya rejesho la kawaida, deni linashuka, na riba inashuka nalo. Miezi kumi itakatika. Jirani yetu Rutayisire alimaliza mkopo wake mapema hivyohivyo, na hunikumbusha kila akileta suruali nimpunguzie.

Jumanne, 6 Mei

Mucyo, kijana wa mikopo pale benki, kaniandikia: "Mzee Maneno, kesho uje na kalamu." Nimecheka! Vijana wa Kigali, r na l kwao ni mapacha. Mimi babu yangu alitoka pwani na Kiswahili chake chote, sibabaishwi. Kalamu benki zipo tele, zimefungwa kamba. Anataka karamu! Kumbe riba hupunguzwa hivyo, na Rutayisire kanificha. Nimenunua mbuzi na mchele. Elfu tisini, kutoka zile laki nne. Ni mbegu tu.

Jumatano, 7 Mei

Aibu. Aibu tupu! Nimetua sufuria ya pilau mezani kwa Mucyo, nikamnong'oneza ale na wakubwa zake. Foleni nzima ikageukia harufu. Meneja, Madamu Xavérine, akatoka kuuliza hii iko nini. Akasema benki haiko hoteli, na hii iko ruswa. Rushwa, mimi! Mucyo jasho likamtiririka. Ameambiwa aandike maelezo. Akachomoa kalamu yake mfukoni, akaibonyeza mara mbili mbele ya macho yangu. Nikaondoka na sufuria yangu, hata pesa sikulipa. Mlangoni mlinzi akauliza kama kachumbari ipo.

Alhamisi, 8 Mei

Tumekula pilau mara tatu, Keza anauliza ni sikukuu gani. Mchana mama yake akataka risiti. Nikamrudishia laki tatu na elfu kumi, nikamweleza yote. Hakupiga kelele, na hilo ndilo limenimaliza. Alisema tu kwamba mwaka mzima alikwenda sokoni kwa miguu ili asikose mchango. Nimeona haya hata uzi nikashindwa kuutunga kwenye sindano.

Ijumaa, 9 Mei

Mama Keza kaenda benki mwenyewe, yeye na binti yetu, na kalamu mbili. Amelipa. Miezi saba imekatika. Mucyo hakuadhibiwa, nashukuru. Meneja mwishowe kacheka. Wallahi, ujanja basi. Nitashona suruali tu.

Jumatatu, 12 Mei

Ujumbe wa Mucyo! "Mzee, kwenye fomu kuna mahali hujasaini. Njoo kesho." Mahali! Masikini, l na r bado zinampiga chenga. Ijumaa kamwona Keza, kapenda, na sasa anataka mahari iandikwe kwenye fomu kabisa. Msomi huyo! Nimepiga hesabu: ng'ombe wanne tukiwauza, mkopo unakaribia kwisha. Rutayisire atanyamaza. Mama Keza sijamwambia, nataka afurahi ghafla. Ila kwa mkwe hakuendwi mikono mitupu, na rejesho la mwezi huu ninalo mimi. Nimeagiza mbuzi.