Kazi ya Mama Jemima

Alhamisi, 7 Juni 2001. Butembo

Nimetoka kwenye phonie, redio ya kuongea na watu wa mbali. Aibu tupu. Mke wangu Kavira, mama wa mtoto wetu Jemima, ni kopolo wa jeshi kule Beni, na sokoni hapa Kimemi wanasema kikosi chake kitapelekwa Manguredjipa, ambako wanapigana. Nilitaka kuujua ukweli. Lakini Zorobabel, mwenye phonie, anafungulia sauti hadi wauza vitunguu wanasikia, na kila ukimaliza kusema lazima useme à vous ndipo mwenzako ajibu. Nikamwuliza kazi ikoje, à vous. Akajibu kazi iko, à vous. Nikauliza kazi gani hasa, à vous. Akauliza kama kuku wanataga, à vous. Foleni nzima ikacheka. Mama mmoja akanishauri nijibu kwanza habari ya kuku.

Ijumaa, 8 Juni

Mpango! Tumbo likishiba, mdomo hufunguka. Nimepika sombe na samaki, nikampa jirani yangu Jumaine, dereva wa Fuso ya Beni, amfikishie. Kavira akishakula atamweleza Jumaine kila kitu ninachotaka kujua. Sijui kwa nini sikufikiria hili mapema.

Jumapili, 10 Juni

Sufuria imerudi tupu, na ujumbe kwamba chumvi ilizidi. Mdomo umefunguka kweli, tena kupita nilivyotaka. Jumaine amekula sombe yangu pamoja na mke wangu, akaambiwa lori la Manguredjipa linaondoka Jumatano na Kavira yumo. Pia akaambiwa kwamba goti linamuuma. Mimi goti sikuwahi kuambiwa. Nikamwuliza Jumaine alitumia ujanja gani. Akasema: "Miye sikumuuliza kitu, mon cher. Nilikuwa nakula tu."

Simpendi Jumaine. Situlii. Nimeanza kushona shati la katekista, nikalitia mikono miwili upande mmoja.

Jumatano, 13 Juni. Beni

Naandika nikiwa chumbani kwa Kavira, Mulekera. Nimetoka cachot, mahabusu ya askari.

Mpango ulikuwa mzuri. Kwa kuwa Kavira hasemi, niwaulize askari wa bariera, wanaozuia magari barabarani, kwa werevu. Asubuhi nikajifanya mfanyabiashara wa sabuni. Nikauliza lori linaondoka saa ngapi, linapita njia gani, na kama limebeba bunduki kubwa. Mfanyabiashara wa sabuni hana haja ya kujua hayo. Nimeligundua baadaye.

Wakanivua viatu na mkanda, wakanitupa ndani kama jasusi. Kamanda akataka kujua nani ananifahamu. Nikamtaja mke wangu. Basi Kavira akashushwa kwenye lori aje kunitambua, kopolo mwingine akapanda mahali pake, lori likaondoka. Kavira akamwambia kamanda: "Huyu hapana espion. Ni bwana yangu. Akili ya espion hana." Walinzi walicheka hadi mmoja akaketi chini.

Nyumbani hakunigombeza. Afadhali angegombeza. Akanieleza, hatimaye, kwamba yeye ndiye anayeshika phonie ya kikosi. Wenzake wakipigwa huko msituni, sauti zao zinaingia masikioni mwake. "Papa Jemima, muchana muzima nasikia batu banakufa. Nikiongea na weye, uniambie kuku. Uniambie mvua. Hapana kuniuliza kazi."

Nililia mbele yake. Nikaapa kwa Bikira Maria kwamba sitamuuliza tena. Nikaanza kumsimulia jinsi kuku mweusi anavyotagia ndani ya kikapu changu cha vitambaa, naye akasinzia kabla sijafika kwenye mayai.

Jumamosi, 16 Juni. Butembo

Mimi ni mtu mpya. Asubuhi kwenye phonie nimesema kuku, mvua na jino la Jemima lililong'oka. Kazi sikuitaja. Kavira alicheka, nikamsikia. Hata Zorobabel alinipa mkono.

Mchana Jumaine akarudi kutoka Beni. Lori lingine linaondoka Jumatatu, na Kavira yumo.

Nimekaa kwenye cherehani bila kushona. Nimefikiri sana. Kumuuliza Kavira siwezi, niliapa. Lakini wale wa bariera sikuwaapia chochote, na mtu akikamatwa pale, mke wake hushushwa kwenye lori. Kesho baada ya misa napanda Fuso ya Jumaine. Safari hii nitavaa suruali mbili, maana sakafu ya cachot ni baridi.