Dirisha Linalosahau Kila Asubuhi

Jumatatu, 11 Agosti

Mzee Anil katangaza. Anafungua duka la pili la picha na steshenari kule Mkolani, na Jumamosi atamtaja meneja wake. Ni mimi au Precious. Hapa Buzuruga tuko wawili tu, kwa hiyo si jambo la kuumiza kichwa. Mimi nina miaka saba dukani. Yeye ana miwili, na kicheko. Nimeshaanza kuwaaga majirani.

Kikwazo kimoja: kompyuta. Kila siku nazipanga folda zangu vizuri. Dirisha linajaa kioo kizima, picha kubwa kubwa, za karibuni zinatangulia. Kesho yake nikiwasha, imesahau yote. Dirisha dogo kama kitambaa cha jasho, na hakuna picha, majina matupu: IMG hii, IMG ile. Huwezi kujua bibi harusi ni yupi na keki ni ipi. Precious akiingia, madirisha yake yanafunguka kama alivyoyaacha. Na kompyuta ni hiyo hiyo moja! Aliniuliza kama nataka anielekeze. Nikamwambia mimi napenda hivi hivi.

Jumanne, 12 Agosti

Dawa imepatikana. Usiizime, haitapata nafasi ya kusahau. Jana jioni niliiacha inawaka, nikaifunika kitenge, nikabandika karatasi: USIGUSE, INAFIKIRI. Leo nimefika saa moja, dirisha bado pana. Nikapiga mluzi. Saa mbili na robo umeme ukakatika.

Sielewi, maana naingia kwa jina lenye heshima kuliko yote. Ukiwasha, inakuuliza unaingia kwa jina gani. Yako matatu: Precious, Chenge ambaye ndiye mimi, na Mgeni. Nikhil, mtoto wa Mzee, ndiye aliyeyaweka. Precious hubonyeza jina lake, maskini, hana maarifa. Mimi tangu siku ya kwanza naingia kwa Mgeni. Kwetu Magu mgeni ndiye anayepewa kiti, maji ya kunawa na firigisi. Mwenyeji anatafuna shingo. Siri hii simwambii mtu.

Jumatano, 13 Agosti

Habari nzito. Ijumaa anakuja Bibi Paskazia, mwalimu mstaafu, kuchagua picha za jubilei ya miaka hamsini ya ndoa yake. Mzee Anil kasema nitamhudumia mimi, na yeye atakaa pembeni aangalie. Huu ndio mtihani wa Mkolani.

Kompyuta haikumbuki? Basi nitakumbuka mimi. Nimenunua daftari. Nafungua picha moja moja, naandika namba na kilichomo. Ziko mia tatu na kumi na mbili. Nimemaliza jioni, shingo imekakamaa. Precious alipita akacheka, akasema kuna njia ya sekunde tano. Wivu huo.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbaya.

Bibi Paskazia alikuja na binti zake watatu. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, Mzee Anil akavuta kiti. Nikafungua folda. Dirisha dogo, majina matupu, kama nilivyotarajia. Nikatoa daftari kwa madaha, nikamuuliza Bibi anataka picha ya aina gani. Akasema ile ya kulishana keki. Nikasoma, nikabonyeza, ikaja. Mzee Anil akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo nilikuwa Mkolani tayari, natafuta chumba.

Simu yangu ikaita. Nikageuka kuipokea, daftari nikaliacha mezani. Bibi amesahihisha madaftari miaka thelathini na tano, akiliona moja mkono unakwenda wenyewe. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti ya darasani. Namba 4480: bibi kafumba macho, anaonekana kasinzia. Namba 4496: binti mkubwa, gauni limemzidi nguvu. Namba 4503: babu anatafuta pa kukimbilia.

Binti mkubwa akasimama. Gauni lilikuwa lile lile. Bibi akaomba kalamu nyekundu, akanipa tatu chini ya kumi, akaandika na maoni: mwandiko mzuri, adabu hafifu. Precious akaingia kwa jina lake, folda ikafunguka pana na picha zote, wakamaliza kazi kwa dakika ishirini huku wanacheka. Mimi nilitumwa kununua maji.

Jumamosi, 16 Agosti

Ni Precious. Mzee alisema kwa kifupi, nikampigia makofi. Iliniuma mpaka chai nikaimwaga.

Mchana Precious akaniita taratibu, akaniambia kaka Chenge, ukiingia kwa Mgeni inafuta kila ulichopanga ukitoka, kwa sababu haitegemei kukuona tena. Akaniingiza kwa jina langu, tukapanga, tukazima, tukawasha. Ikakumbuka. Akaiwekea hadi ile ya kufungua yenyewe, ukiwasha, folda uliyoiacha wazi. Nikamshukuru kwa shingo upande.

Saa kumi alisinzia kwenye kaunta, mdomo wazi. Meneja! Nikampiga picha kumi na nne, nikazihifadhi kwenye folda niliyoiita Ushahidi, kubwa kubwa, kwa mpangilio wa tarehe. Mzee atazipata wakati mwafaka. Nikazima, nikaenda nyumbani moyo mweupe.

Jumatatu, 18 Agosti

Precious kaanza kazi Mkolani. Saa tatu Mzee Anil akaja anatabasamu. Kumbe Precious alimpigia jana, kamwomba msaidizi, na mtu aliyemtaja ni mimi. Kasema nina bidii, nimeandika picha mia tatu kwa mkono, nilichokosa ni kuelekezwa tu. Mzee akataka aone kazi zangu kwanza. Akawasha mwenyewe, akabonyeza Chenge.

Ilikumbuka kila kitu. Dirisha likajaa kioo kizima. Precious kumi na wanne, midomo wazi, na juu yao neno Ushahidi.

Mzee akazihesabu kwa kidole, moja hadi kumi na nne. Kisha akaniuliza huyu dada amenikosea nini. Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka. Mkolani ataenda Selina wa duka la jirani.

Jumanne, 19 Agosti

Nimelala, nimefikiri, nimeelewa kosa liko wapi. Ni jina. Mgeni kompyuta inamsahau, Chenge inamuumbua. Mashine hizi zinaangalia cheo cha mtu. Nimempigia Nikhil aniongezee jina la nne: Meneja. Akaniuliza meneja wa wapi. Nikamwambia aandike tu, mahali patafuata.