Tiba ya Nne ya Goti

Nunow aliiona fursa yake msikitini, mahali ambapo watu wengine hukumbuka akhera. Ijumaa ile safu nzima ya nyuma ilikuwa imekalia viti vya plastiki: wazee wa heshima, wauza mifugo wakubwa wa Garissa, magoti yamewagomea kusujudu. Mwingine angewaonea huruma. Nunow alihesabu viti.

Wiki iliyofuata alikodi chumba mtaa wa Galbet, akavaa koti jeupe, akawa daktari. Elimu yake aliipata Eastleigh, Nairobi, alikozaliwa na alikokuwa akiuza manukato mlangoni mwa kliniki ya mifupa. Hapo aliokota kijitabu kinacholinganisha sindano za goti, akakisoma mara mbili nzima.

"Tiba ni tatu," aliwaambia wagonjwa. "Ya jeli inalainisha goti kama grisi. Ya damu, tunatoa damu yako, tunaizungusha kwenye mashine, yale maji ya manjano yanarudi gotini kukarabati. Ya tatu ni ya seli shina, kutoka kwenye uboho wa mifupa. Hiyo inaotesha goti jipya."

Kijitabu kilikiri, kwa herufi ndogo, kwamba watafiti bado wanabishana ipi inashinda nyingine, na kwamba goti jipya halioti. Macho ya Nunow hayakuwa ya herufi ndogo. Mashine yake ilikuwa blenda iliyovuliwa jagi. Sindano zote tatu zilitoka kwenye chupa moja ya maji ya chumvi; kilichotofautiana ni bei, na uzito wa uso wa daktari.

Siku moja akaingia Bilan, mama wa makamo mwenye zizi la ngamia nje ya mji, akiegemea fimbo na kuguna kila hatua.

"Daktari, ipi bora?"

"Eedo, shangazi, inategemea goti."

"Na goti likivimba baada ya sindano?"

"Hiyo ni dawa inafanya kazi."

"Likitoa usaha?"

"Inafanya kazi sana."

"Subhanallah," Bilan akasema taratibu. "Acha nikafikirie."

Siku ya tatu alirudi bila fimbo. Akachuchumaa katikati ya chumba, akainuka, akachuchumaa tena, wepesi kama msichana. Nunow akasahau kufunga mdomo.

"Nimepata ya nne," Bilan akanong'ona, akatoa chupa ya chai. "Maziwa ya ngamia wangu mmoja. Ametoka Mandera, anakula mti fulani wa kule. Hakuna sindano, hakuna damu. Lakini usimwambie mtu, wallahi watanivamia."

Nunow akanywa. Yalikuwa maziwa mazuri, yenye harufu ya moshi. Akalinganisha kitaalamu: chupa ya maji ya chumvi huisha, ngamia hukamuliwa asubuhi na jioni.

"Niuzie huyo ngamia, Eedo."

"Haiwezekani! Ni kama mwanangu."

Mapenzi ya mama yalidumu mpaka saa sita mchana. Nunow alitoa kila alichokusanya Garissa, akaongeza simu yake kubwa, na Bilan akamkabidhi kamba huku akijifuta machozi kwa ncha ya shungi.

Kuhusu ngamia, Nunow alijua mishikaki tu. Asubuhi iliyofuata alikaa chini ya mnyama wake na kukamua hadi vidole vikafa ganzi, mchunga aliyekuwa akipita akasimama kumshangaa.

"Warya, wewe, unatafuta nini huko?"

"Maziwa."

"Huyu? Mara ya mwisho kuzaa, mimi nilikuwa darasa la tatu."

Nunow alikwenda mbio hadi kwa Bilan. Alimkuta kivulini, akimkanda mguu mzee aliyelala mkekani, goti limefungwa bandeji nene. Nunow alimtambua: Alio, mgonjwa wake wa kwanza, aliyechagua seli shina.

"Ni kaka yangu," Bilan alisema bila kuinua sauti. "Ulimdunga uchafu. Daktari wa kweli amemkamua usaha siku nne. Kidogo wamkate mguu. Pesa zako zimelipia hospitali, nashukuru."

"Na goti lako wewe?"

"Goti langu halijawahi kuuma. Daktari anasema kaka apunguze mwili, afanye mazoezi. Hiyo hakuna anayeiuza." Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto. "Wanawe wako njiani kutoka Dadaab. Wana hamu sana ya kukuona."

Nunow alitazama mguu wa Alio. Kwa mara ya kwanza tangu avae koti jeupe, alifungua mdomo kuomba radhi. Halafu akakumbuka wale wana.

Alirudi, akamvuta ngamia hadi kwa mchinjaji wa kwanza aliyemwona, jamaa mkarimu aitwaye Rage, ambaye hakuuliza maswali. Rage alimpa nauli ya basi la Nairobi, kamili, na chenji ya chai.

Rage alikuwa mkwe wa Bilan. Kabla basi halijavuka daraja la Mto Tana, ngamia alikuwa amesharudi zizini.