Kaburi Langu Lisijengwe na Ukoo wa Pazi

Kwa Mshamu, njia ya Fukayosi,
Bagamoyo.

Ndugu Mwinyijuma,
Mwenyekiti wa Kamati ya Makaburi.

YAH: ULINZI WA KABURI LANGU

Assalaam alaykum. Naandika nikiwa nimelala ubavu, kwa hiyo mistari ikipanda mlima unisamehe. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, nami nimemwelewa. Kabla sijaondoka nakiri nililolificha: chini ya godoro langu mna ramani ya kaburi langu, niliyoichora kwa rula na penseli. Ina mashimo matatu. Mimi nitalazwa katika moja. Mawili ni ya kuwapoteza wezi.

Najua utacheka. Dada yako Mwaija ameshacheka. Aliniuliza kwenye foleni ya zahanati, watu wakisikia: "Mwalimu, waje kuiba nini, meno? Yamebaki mangapi?" Yamebaki manne. Lakini nimefundisha historia miaka thelathini na minne, na malalamiko yangu yana ushahidi.

1. Makaburi yetu hayana ulinzi. Sisi huweka juu ya kaburi sahani na kikombe alichotumia marehemu, tukavitoboa kitako ili mtu asivitamani. Kikombe cha marehemu Bi Sada nimekiona kwa muuza kahawa, tundu limezibwa kwa lami. Nilikinywea. Hakivuji.

2. Wamisri wa kale walimzika mfalme ndani ya mlima wa mawe, wakaziba njia kwa majabali. Akaibiwa. Baadaye wakawachimbia wafalme mwambani, bondeni, mbali na macho ya watu. Wakaibiwa. Mwishowe makuhani waliwakusanya wafalme waliobaki wakawarundika mafichoni pamoja, kama magunia ya mkaa. Ikiwa mlima ulishindwa, uzio wenu wa miti utaweza? Ukisema ardhi haitoshi, nakubali mashimo mawili.

3. Baadhi ya wezi wale walikamatwa, na maneno yao yaliandikwa. Yapo hadi leo. Walikuwa nani? Waashi na wachonga mawe wa huko huko. Mmoja alieleza kwamba alimpa ofisa mgao wake wa dhahabu akaachiwa, akarudi kwa wenzake, nao wakamgawia upya. Kwa hiyo wachimba kaburi wangu waletwe kutoka Mkange, wafungwe vitambaa machoni, wazungushwe mara tatu ndipo wapewe majembe.

4. Kwa kuwa hata ofisa alikula, Kamati nayo isijue nilipozikwa. Samahani, nawe umo. Sheikh asijue. Waombolezaji wasome dua nyumbani, wale pilau, watawanyike. Atakayejua nilipo ni mimi peke yangu, nami sitasema.

5. Nizikwe na furushi langu lililofungwa kwa kanga kuukuu, na lisifunguliwe. Sheikh atasema Muislamu hazikwi na vyombo. Sikusema ni chombo.

6. Hili ndilo kubwa. Nasikia mnataka kuondoa marufuku ya mwaka 1971, inayoukataza ukoo wa marehemu Pazi kugusa kaburi lolote, ili mjukuu wake Amin, fundi mwashi, apate kazi kwenu. Napinga. Bakuli la samawati lililopachikwa kwenye ukuta wa kaburi la babu yenu lilitoweka wiki ile ile Pazi alipolipiga kaburi hilo chokaa, na mwiko wake wa uashi ulikutwa pale chini. Aliapa mpaka sauti ikamkauka. Baba yako ndiye aliyeongoza mkutano, nami, kijana niliyetoka chuoni juzi, nilisimama nikawafundisha habari za Wamisri: mwizi wa kaburi ni yule aliyelijenga. Watu walipiga makofi. Pazi hakupata kazi tena hapa. Alifia Ubena akiponda kokoto.

Somo langu halijabadilika. Bintiye Ashatu, mama yake Amin, ananipikia uji kila asubuhi, nami humwambia wazi: uji wako mtamu, mama, lakini mwanao hatagusa kaburi langu. Hunijibu, "Kunywa kwanza, baba. Utakasirika vizuri ukishashiba."

Nisalimie Kamati yote, Mwaija na meno yake yote, pia mbuzi wanaolala juu ya makaburi, maana ndio walinzi pekee mlionao.

Mimi niliye tayari kuzikwa, si kuibiwa,
Mwalimu Kondo Mwinshehe

Nyongeza: Hayo niliyaandika jana. Leo asubuhi Ashatu, akitafuta shuka ya kunifunika, amefungua furushi. Alikuwa mtoto mdogo mwaka ule, hakulitambua lililokuwamo. Alisema tu, "Baba, bakuli zuri hivi unamfichia nani?" Akaliosha, akanitilia uji humo, akanilisha mpaka ukaisha.

Futa namba zote sita. Shimo ni moja, na Amin ndiye alijenge, tena kwanza alirudishe bakuli ukutani kwa babu yenu kwa mkono wake, watu wakimtazama. Barua hii isomwe hadharani, palepale tulipokutana mwaka 1971. Ashatu asomewe kabla ya wote, akiwa amekaa. Uji wa kesho sitaudai.

Nililichukua Ijumaa nikawaonyeshe wanafunzi, nikakusudia kulirudisha Jumatatu. Jumapili wakamshika Pazi. Nililing'oa kwa mwiko aliousahau pale, na siku niliposimama kuwafundisha kwamba mwizi ni mjenzi, bakuli lilikuwa ndani ya mkoba wangu, miguuni pangu.