Pazia la Kumrudisha Mama Dorine

Jumatatu, 10 Oktoba 1994
Mwezi wa tatu sasa Lidwina yuko Tunduru kwa kaka yake Athanasi, mnunuzi wa korosho. Alisema anakwenda kusalimia, wiki mbili tu. Wiki mbili gani hizi! Nyumba imepoa. Asubuhi nachemsha chai ya watu wawili, kisha nainywa yote mwenyewe kwa hasira.

Najua kilichomkimbiza mke wangu. Dirisha la sebuleni. Tangu tuhamie Mshangano limezibwa kwa gunia la mbolea. Nilimwambia asubiri, mradi wa kuku ukisimama nitaweka pazia. Kuku wakafa. Nikamwambia asubiri uyoga. Uyoga ukaota, sikatai, lakini wa aina nyingine.

Rosemary, jirani yetu na mwenyekiti wa jumuiya, kanisimamisha tena njiani. Ati Baba Dorine, acha kutuma salamu, panda basi ukamfuate mkeo kwa kaka yake kama wanaume wenzako. Nimfuate nimlete wapi? Kwenye gunia lile lile? Kwanza dirisha.

Jumatano, 12 Oktoba
Nimeona! Nyumba ya mapadre, nilipokwenda kuandikisha misa ya marehemu baba. Pazia halivutwi pembeni. Unavuta kamba, linapanda lenyewe, linajikunja mikunjo mikunjo mpaka juu. Unaachia, linashuka. Nikavuta. Nikaachia. Nikavuta tena, hadi Padre akauliza kama nimefuata misa au dirisha.

Nikaligeuza nyuma, nikaona siri yote. Vijiti vimeshonewa ndani ya pindo, nyuma kuna pete ndogo, kamba inapita kwenye pete. Basi! Mtu mwenye akili anashona hiki nyumbani kwake kwa siku moja.

Tadei, mume wa Rosemary, ni fundi cherehani. Ana mapazia ya nailoni ya maua. Tangu biashara iachiwe huru, kila mtu ana nailoni ya maua. Amejitolea kunishonea langu. Nimemshukuru kwa ubaridi. Mke wangu hatarudishwa na Tadei!

Jumamosi, 15 Oktoba
Vijiti: mianzi, nimeikata mtoni. Pete: nimezikata kwenye mpira wa maji. Kamba ipo. Kitambaa hakuna.

Nikafungua sanduku la Lidwina. Lilitoka harufu yake, ile sabuni yake na mchaichai. Nikakaa sakafuni na sweta lake mkononi, nikasahau kabisa nilichofuata. Nilimkumbuka mno. Nimeandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Chini kabisa nikakuta kitenge kipya. Bluu, kina picha za Bikira Maria, hakijaguswa na sindano. Upana wake sawasawa na dirisha! Kitambaa kizuri namna hii kinakaa gizani bure. Nimekata.

Kisha cherehani yake. Kwenye sindano bado kulikuwa na uzi wa kijani, wa sare ya binti yetu Dorine aliye shule ya bweni, kazi ya mwisho aliyoshona kabla hajaondoka. Sikuweza kuutoa. Nimeshonea huo huo. Kijani juu ya bluu! Potelea mbali.

Jumanne, 18 Oktoba
Pazia limesimama! Upande mmoja. Kulia linapanda, kushoto linabaki chini. Tena niligundua Bikira Maria wote wamesimama kichwa chini. Nikaomba msamaha, nikafumua, nikageuza. Baada ya hapo likashuka na kukataa kupanda kabisa.

Jioni nikawasha chemli, nikapanda kwenye stuli kutafuta kamba iliponasa. Wakati huo huo jumuiya ilikuwa inatoka kwa Tadei kusali rozari. Wakaona dirisha langu linang'aa bluu, Mama Maria safu kwa safu. Wakadhani nimejenga altare. Wakapiga magoti barabarani, wakaanza rozari upya, yote! Mimi juu ya stuli, kamba mkononi, naogopa kushuka wasije wakaona kivuli changu. Nilikuwa naitikia sala kutoka huko huko juu. Nilisikia mtu anasema kumbe Baba Dorine, Egidi huyu, ana imani kubwa.

Walipotawanyika Rosemary akaingia, akashika kitambaa, akaniuliza kama Mama Dorine anajua. Nikasema ni zawadi, asimwambie. Akajishika kichwa, akaondoka bila kuaga. Wivu huo. Nailoni zao zimeshapauka.

Ijumaa, 21 Oktoba
Nimekwenda stendi kumtafuta Saleh, kondakta wa basi la Tunduru. Akanipa shikamoo, kisha akasema kiti cha mbele kipo, kesho alfajiri, twende mzee wangu. Anasema shemeji Athanasi humuuliza kila safari, huyo bwana mwenyewe yuko wapi?

Nikamwambia ampe Lidwina habari: dirisha sasa lina pazia la kisasa, kama la nyumba ya mapadre. Saleh akasema inshallah atafikisha, ila angekuwa yeye angepanda. Vijana hawajui kupanga mambo.

Jumatano, 26 Oktoba
Saleh kaleta jibu. Lidwina anakuja Ijumaa! Nimemkumbatia Saleh mbele ya abiria wote. Nilijua! Pazia limefanya kazi!

Nikamwomba arudie maneno yake yote, taratibu. Akarudia. Pazia halimo. Lidwina anakuja kwa sababu Jumapili ni kufunga mwezi wa Rozari, na wanawake wote wa jumuiya wanavaa sare mpya. Anaomba nimtolee kitenge chake sandukuni nikianike. Jumamosi atakishona mwenyewe. Kile cha bluu, cha Bikira Maria.

Nikakaa chini pale pale stendi, juu ya mzigo wa mtu.

Mpango wa kwanza: kumwomba Rosemary kitenge kingine. Hakuna, viliagizwa Dar kwa hesabu ya wanawake waliopo. Mpango wa pili: jumuiya ibadilishe sare. Rosemary amenifungia mlango. Tadei nimemsikia akicheka huko ndani, kicheko kirefu kabisa.

Jumapili, 30 Oktoba
Juzi alishuka kwenye basi na vumbi hadi kwenye kope. Nilitaka kumwambia nimeteseka bila yeye. Nikasema pole na safari.

Tulipofika nyumbani aliona dirisha kabla hata ya kuweka mzigo. Akasimama. Akavuta kamba. Kulia likapanda, kushoto likabaki. Akacheka! Alicheka mpaka akakaa kizingitini na kujifuta machozi kwa kanga. Kicheko hicho nilikuwa na njaa nacho. Kisha akauona ule uzi wa kijani, akaupitishia kidole.

Jana cherehani ililia kutwa nzima. Mimi nilikaa karibu yake, nachomoa mianzi. Mapindo yangu hakuyafumua, alisema yakifumuliwa matundu yataonekana. Akashona sketi yenye mistari ya mapindo kutoka kiunoni hadi miguuni. Leo kanisani wanawake wamemzunguka kuuliza kama ndiyo mitindo ya Dar! Tadei kaulizwa kama anaweza kushona kama ile. Hawezi!

Jioni nikamkuta anakunja nguo zake. Hakugomba. Alisema dirisha halikumuuma hata siku moja. Siku ile anaondoka alitamani nimsindikize tu hadi stendi, nami nikasema nina uyoga. Tangu hapo, kila basi likiingia Tunduru, anatoka barazani kwa kaka yake kuangalia nani anashuka. Zinashuka salamu. Mimi sishuki. Kesho anarudi huko, na kaka yake amesema hamtoi mpaka mume aje kwa miguu yake, tena asibebe chochote. Nikienda, ataondoka nami kwa basi linalofuata.

Usiku huu silali peke yangu kitandani, na bado namkumbuka. Nimemwambia nimeelewa. Nimeelewa kabisa!

Alhamisi, 3 Novemba
Leo nimekwenda! Nimenyoa ndevu, nimevaa shati jeupe, mikono mitupu kama nilivyoagizwa. Saleh alinifutia vumbi kiti cha mbele. Tadei na Rosemary wakaja kunisindikiza, Rosemary machozi yanamlenga. Injini ikawaka.

Nikachungulia nje. Chini yangu tu, mtu alikuwa anafungua robota la mitumba. Juu kabisa, shuka! Shuka la Ulaya, zito, rangi ya maziwa, lina mapindo tayari pande zote. Upana wa dirisha la chumbani kwetu, mimi vipimo vile navijua kwa kichwa. Nikamwambia Saleh dakika moja tu. Muuzaji mbishi kweli kweli. Nilipogeuka, basi lilikuwa linakata kona, Saleh ananing'inia mlangoni anaita jina langu, na kiti changu kimeshapata mama mmoja mwenye kuku.

Jioni hii basi likiingia Tunduru, Lidwina atatoka barazani. Nimewaza hilo, roho imeniuma hadi nikakaa chini na shuka mapajani.

Lakini shuka hili! Nikianza sasa hivi nitalimaliza kabla Saleh hajarudi. Nitampa salamu ampelekee.